Maximilla Nafula na Mtaro wa Namakwekwe

Baba Padri, mwenyekiti wetu wa hapa Mafubira, maafande mlio kazini na mliostaafu, wakwe zetu mliotoka Kitgum mkasafiri siku nzima, ndugu zetu mliovuka mpaka pale Lwakhakha, majirani wa Namakwekwe mliojaa kwenye lori moja mkaja na vikapu vyenu, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu Jumamosi hii ya tarehe 8 Novemba 2025, familia inawasalimu na inawaomba mkae. Historia hii inasomwa kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tunayogawana hapa, Wacholi, Wasoga, Wagisu na Wabukusu, kila mtu akiivunja kwa namna yake, na anayeisoma ni mdogo wake marehemu, Wabwire Wasike, dereva wa lori, ambaye hajawahi kushika kipaza sauti maishani mwake, kwa hiyo mtamvumilia. Ni ndefu kuliko desturi, na kuna mahali itauma. Marehemu mwenyewe ndiye aliyetaka isomwe hivi, neno kwa neno, na mwenye kutaka kukasirika asubiri kwanza ifike mwisho.

Marehemu Maximilla Nafula Wasike alizaliwa tarehe 9 Septemba 1967, katika kijiji kilicho juu kidogo ya Lwakhakha, upande wa Kenya, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa hayati mzee Wasike na hayati mama yetu Beldina, na aliitwa Nafula kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha, jina ambalo miaka saba ya mwisho hakutaka tena kuitwa, na sisi ndugu zake hatukujua kwa nini, tukadhani ni uzee unaanza. Alikua katika nyumba ambayo sukari ililetwa imefungwa kwa gazeti, nyama kwa jani la mgomba, na maziwa yalikaa kibuyuni, na wakati huo hakuna aliyeona kwamba hayo yana sifa yoyote. Alibatizwa mwaka uleule, na kipaimara akapata mwaka 1979.

Alianza shule ya msingi mwaka 1974 akamaliza mwaka 1980, akiwa wa tatu darasani, na mwaka 1981 akaingia sekondari, ambako alikuwa hodari wa hesabu na mzungumzaji kupita kiasi, hata mwalimu mmoja akamhamishia dawati la peke yake ukutani, akaendelea kuongea na ukuta. Mwishoni mwa mwaka 1982, baba alipoanguka kutoka juu ya paa la ghala akavunjika nyonga, masomo yake yalikatika akiwa kidato cha pili, akarudi nyumbani kulima na kuuguza, na hakuwahi kulalamika mbele ya baba, ila daftari zake alizihifadhi sandukuni mpaka zikaliwa na mchwa.

Mwaka 1985 alivuka mpaka kwenda Mbale kwa shangazi yetu, aliyekuwa akiuza chumvi na sabuni, na huko ndiko alikojifunza biashara na kujifunza pia kupunguza bei huku akimfanya mteja aone aibu kuipunguza zaidi. Mwaka 1989 alikuja pale mteja mmoja, askari magereza kijana kutoka Kitgum, Ignatius Ojok, ametumwa kununua sabuni za nyumba nzima za wafanyakazi, na Maximilla akamwambia, "Afande, unanunua sabuni kama mtu anayeoga kwa niaba ya wafungwa wote." Afande alilipa, akabeba. Alirudi kesho yake kununua sabuni moja, na keshokutwa moja, na wiki iliyofuata shangazi akamuuliza wazi kama amekuja kuoga au kuoa. Walifunga ndoa takatifu mjini Mbale tarehe 15 Desemba 1990, na Mungu akawajalia watoto watatu, Lillian aliyezaliwa mwaka 1992, Timothy wa mwaka 1995, na Brendah wa mwaka 2001, na wajukuu wanne.

Mwaka 1998 alifungua duka lake mwenyewe Namakwekwe, palepale Mbale, mgongo wa duka ukiegemea ule mtaro mkubwa unaopita kati ya vyumba vya kupanga, akauza vitu vidogo vidogo upande wa mbele, na upande wa nyuma akauza kwa jumla kaveera, ile mifuko ya plastiki ambayo hapa hakuna asiyeijua, ndogo za robo ya sukari, nyeusi za nyama, na zile pana ambazo wapishi wanafunikia matoke jikoni badala ya majani. Hakuna haja ya kuficha, kaveera ndiyo iliyowasomesha watoto hawa watatu mnaowaona pale mbele wamevaa nyeupe, na mdogo wake huyu anayesoma ndiye aliyemletea marobota kwa lori, miaka na miaka, akapata pia chake. Afande Ojok alipohamishiwa Jinja mwaka 2004, wakanunua kiwanja hiki hapa Mafubira, wakajenga polepole, na baada ya kustaafu mwaka 2015 mzee akakaa hapa na migomba yake, mama akabaki Mbale na duka lake, akija kila baada ya wiki mbili, na mzee akawa anawaambia marafiki zake wa kambi ya jeshi ya Kimaka kwamba yeye ameoa kaveera, Maximilla amekuja nayo kama zawadi.

Kenya ilipopiga marufuku mifuko hiyo tarehe 28 Agosti 2017, wengi walidhani biashara yake imekufa, kumbe ndiyo ikanenepa, maana wateja wa upande wa pili walianza kuja kwake kimyakimya, wakavusha mali ndani ya magunia ya maharage na chini ya viti vya boda boda. Alicheka sana siku hizo. Alimwambia mdogo wake, "Wabwire, hawa watu hawakuipenda kaveera mpaka walipokatazwa." Uganda nayo ilikuwa na sheria yake juu ya kaveera nyembamba, sheria iliyokuwa ikilala na kuamka, ikiamka wafanyabiashara wanaficha, ikilala wanatoa, na ndivyo watu walivyozoea kuishi nayo.

Jumanne ya tarehe 13 Machi 2018, mnamo saa nne asubuhi, alipata habari kwamba watu wa mazingira wameingia mjini na polisi, wanapita duka kwa duka, wanachukua mali na mwenye mali. Dukani kulikuwa na marobota saba. Alimpigia simu mdogo wake, aliyekuwa barabarani karibu na Tororo, akamuuliza afanye nini, na mdogo wake, bila kufikiri hata muda wa kubadilisha gia, akamjibu, "Dada, sukuma kwenye kalvati, nani ataingia kule?" Kalvati ni lile bomba kubwa la zege ambalo linapitisha mtaro chini ya barabara, hatua ishirini kutoka dukani kwake, na wakati huo lilikuwa kavu kabisa, mbuzi walikuwa wanalala humo. Akayasukuma yote saba, moja baada ya jingine, kwa mti wa ufagio. Wazo lilikuwa la Wabwire, mikono ilikuwa ya Maximilla, na familia imeona liandikwe hivyo.

Wale wakaguzi walifika, wakakuta sabuni na viberiti, wakaandika, wakaondoka, lakini hawakutoka Mbale mpaka wiki ilipokwisha. Jumapili, watu wakiwa kanisani, marehemu alitoa marobota manne. Matatu yalikuwa yamekwenda mbali, mti haukuyafikia, na mwenyewe hakuweza kutambaa hadi huko, akasema atamtafuta mtu mwembamba asiye na mdomo mrefu. Siku zikapita, akipanga kesho, akipanga keshokutwa, na Ijumaa ya tarehe 23 akapigiwa simu kutoka huku Mafubira kwamba mzee ana homa kali, akafunga duka, akaja.

Jumamosi ya tarehe 24 Machi 2018, saa tisa alasiri, mvua ya kwanza ya mwaka ilishuka Mbale, na ilishuka kama imetumwa. Wenyeji wa Namakwekwe mlioko hapa mnaikumbuka. Maji ya mtaro yalifika kwenye kalvati yakakataa kupita, yakageuka, yakaingia katika vyumba vya kupanga vilivyo nyuma ya duka, na katika muda ambao mtu angetumia kuchemsha chai yalikuwa yamefika madirishani. Katika chumba cha tatu aliishi Proscovia, msusi wa nywele, na mwanawe wa pekee Trevor, mwenye umri wa miaka sita. Siku hiyo mtoto alikuwa na homa, mama yake akampa dawa, akamlaza, akafunga mlango kwa kufuli upande wa nje ili asiamke akatoka kwenye boda boda za barabarani, akaenda kumaliza kichwa cha bibi harusi, kama akina mama wa pale wote wanavyofanya wanapotafuta chakula. Majirani walipoukumbuka mlango ule, walipopata nyundo, walipoufikia kwa kuogelea, walikuwa wameshachelewa. Trevor alizikwa Jumatatu ya tarehe 26.

Jumapili asubuhi vijana walizibua kalvati, wakatoa matope, chupa, viatu, na kaveera, kaveera nyingi, zimechanika kutoka katika vifungashio vyake, na kila mtu akasema, tazameni takataka tunazotupa, tazameni tulivyojiua wenyewe. Ilikuwa kaveera mpya. Haikuwa imeshika sukari wala chumvi, na mikunjo ya kiwandani ilikuwa bado imo. Lakini kwenye msiba wa mtoto ni nani anayekunjua mfuko kuchunguza?

Marehemu alifika Namakwekwe saa nne ya asubuhi hiyo, akaona kilichotolewa mtaroni, akajua. Aliingia msibani, akakaa chini kando ya Proscovia, akamkumbatia, na Proscovia alikuwa akirudia neno moja tu, tangu jana yake, kwa kila aliyeingia, "Ni mimi nilifunga kufuli. Ni mimi nilifunga kufuli." Maximilla angeweza kusema hapo. Alikuwa na pumzi, alikuwa na ulimi, na ninyi mnaujua ulimi wake. Alinyamaza. Akamwacha mwenzake abebe lile kufuli siku hiyo, na mwezi huo, na miaka saba na nusu iliyofuata, na katika yote aliyoyaeleza alipokuwa mgonjwa, hilo ndilo aliloliita dhambi yake. Ya kalvati alisema ilikuwa ujinga na haraka. Ya kunyamaza alisema ilikuwa yake kabisa.

Yaliyofuata wengi wenu mnayajua, na ndiyo yaliyowaleta hapa. Mwezi wa nne aliacha kuuza kaveera, mwezi wa saba akafunga duka, na kuanzia hapo mpaka anaanguka kitandani, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, alikuwa anaingia ndani ya lile kalvati kwa magoti, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, na taa kichwani na reki mkononi, anatoa alichokikuta. Tulidhani ni moyo wa kujitolea. Watu walimwita Mama Mtaro, na kuna mwaka alipewa cheti mbele ya shule, akakipokea, akafika nyumbani akakiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi.

Hakuwa mtu wa kuhubiri kuhusu dunia. Vita vyake vilikuwa juu ya robo ya sukari. Alisimama katika duka la Magidu siku nzima akimwambia kila mteja aje na kopo lake, na Magidu, ambaye yuko hapa, alimfukuza mara tatu, mara ya nne akachoka, akaanza kufunga sukari kwa karatasi. Alikwenda kwa muuza nyama na bakuli lake lenye mfuniko, na muuza nyama alipomwambia bakuli linachelewesha foleni, akamwambia, "Bwana, hiyo foleni yako inaniangalia mimi kwa sababu huna kingine cha kuangaliwa." Aliwarudisha wapishi wa misiba na harusi kwenye majani ya mgomba, akiwauliza ni lini matoke yalianza kuogopa majani. Alishona mifuko ya mkononi kutokana na vipande alivyookota kwa Nulu, fundi cherehani, akawagawia wanawake wa Namakwekwe, na wa hapa Mafubira, na wake za maafande wa Kimaka, na ole wake aliyeonekana sokoni bila mfuko wake, maana aliitwa kwa jina lake lote la ubatizo mbele ya watu. Kwenye vikao vya kanisa aliondoa chupa za maji akaleta mtungi na vikombe vya bati, na vikombe hivyo ndivyo mnavyonywea leo. Wale mliokuja na chupa hamtafukuzwa, lakini kila mtu atarudi nyumbani na chupa yake, hayo ni maagizo ya mwenye msiba.

Lakini hatutamsifu kwa uongo. Wabwire alipita Namakwekwe juzi alasiri, akaegesha lori, akaenda kuangalia kalvati, na ndani yake mna kaveera kama zamani, maana tangu mwezi wa pili hakuna aliyeingia. Duka lililo jirani na la Magidu linauza kaveera kwa jumla. Na yale marobota manne aliyoyatoa Jumapili ile, aliyaleta huku Mafubira, moja akalichoma nyuma ya migomba, moshi ukawatoa majirani nyumbani na mzee akakohoa wiki mbili, la pili akalifukia, mvua ikalifukua, na mawili yaliyobaki yamekaa chini ya kitanda chake mpaka leo, kwa sababu alimuuliza kila mtu, msomi na asiye msomi, kaveera ambayo hujaitumia inatupwa wapi, hakupata jibu. Mzee Ojok alilala juu ya marobota hayo miaka saba, akadhani mke wake anataka kurudi kwenye biashara. Hata sisi hatujui tutayafanyia nini.

Proscovia alihamia chumba kingine, upande wa juu, mbali na mtaro, akaacha kusuka, na Maximilla akamchukua kwenye kazi ya mifuko, mmoja akikata na mwingine akishona, miaka sita, wakila sahani moja. Watu walisema urafiki ule ni wa ajabu. Ufunguo wa lile kufuli Proscovia aliufunga kwa uzi kiunoni, na marehemu aliuona kila walipokwenda kuoga mtoni au kujaribu nguo, na hakuuliza ni wa nini.

Mwezi wa pili mwaka huu marehemu alianza kupungua uzito na kukosa hamu ya chakula, akafanyiwa vipimo Mbale, kisha Kampala, na tarehe 27 Februari daktari akawaambia mzee na Lillian kwamba ni saratani ya ini na imekwenda mbali. Aliletwa hapa nyumbani Mafubira. Watoto wana kazi zao, mzee ana macho mabovu, na aliyefunga nguo zake Mbale, akaja kumuuguza bila kuitwa, kumgeuza, kumwogesha, kumlisha uji kwa kijiko, miezi minane na zaidi, ni Proscovia.

Jumapili ya tarehe 19 Oktoba, saa sita mchana, marehemu alimwita mdogo wake akamwambia alete kalamu. Alieleza yote mliyoyasikia, kwa mpangilio, na tarehe zake, kwa sababu alikuwa mtu wa hesabu mpaka mwisho, na akasema, "Usinipambe. Isome siku nikiwa nimelala mbele yao." Wabwire akamwambia, "Dada, yuko hapo nje, anafua shuka zako. Mwite umwambie mwenyewe." Akageuza uso ukutani. Akasema, "Nimejaribu. Nikimwona anavyozikamua zile shuka, mdomo unakataa." Wabwire hakumlazimisha, na katika mambo mawili anayojutia maishani, hilo ni la pili.

Marehemu alifariki hapa nyumbani Alhamisi ya tarehe 6 Novemba 2025, saa moja asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minane, kichwa chake kikiwa kwenye mkono wa Proscovia.

Jana baada ya chakula cha mchana familia ilikaa juu ya karatasi hii. Wengine, na si kwa ubaya, walisema tumzike kwanza, kwamba mtu aliyefanya mema miaka saba asivuliwe nguo mbele ya watu, kwamba kuna watoto wake wanaobaki na jina. Mzee Ignatius alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha magereza ambacho hatutakisahihisha, "Mimi nalinda wafungwa miaka mingi. Siku ya kutoka, mutu anasimama kwa geti, anasema jina yake na kosa yake, ndio geti nafunguka. Huyu bibi yangu alisema. Nyinyi munataka kufunga geti? Soma." Ikaamuliwa isomwe, lakini asisikie kwanza kwenye kipaza sauti yule ambaye habari ni yake. Wabwire akaenda nyuma ya nyumba, alikokuwa Proscovia anaosha vikombe vya bati, akamsomea yote pale, amesimama.

Alisikiliza bila kuacha kuosha. Alipomaliza kikombe cha mwisho alisema maneno haya, na ametupa ruhusa tuyaseme kama alivyoyasema. "Ile kaveera ilikuwa mupya. Mimi niliona siku ileile. Ilikuwa nang'aa. Nikadhani, lakini kudhani si kujua, nikasema labda huzuni inanitia wazimu. Nikakaa karibu na yeye. Nikasema siku moja atasema. Nikamuogesha mugongo kila siku, miezi nane, nikingoja aseme. Nilikuwa nataka asikie mutu moja tu anasema, Proscovia, si kufuli yako. Hakusema. Sasa anasema na karatasi." Wabwire alipiga magoti pale kwenye tope la maji ya vyombo, akamwambia la kalvati lilikuwa wazo lake. Proscovia akafunika vikombe. Akasema, "Hiyo sikujua. Wewe simama, utachafua suruali ya maziko." Na zaidi ya hapo hakumwambia kitu mpaka leo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbale na Kampala ambao hawakutudanganya, padri na wanajumuiya waliomletea komunyo kila Jumapili, maafande wa Kimaka na wa magereza waliotuletea hema na viti, wafanyabiashara wa Namakwekwe, fundi Nulu aliyeshona sanda hii kwa pamba tupu kama marehemu alivyoagiza, Magidu aliyeleta sukari imefungwa kwa karatasi, wapishi wanaotupikia leo kwa majani, na majirani wote wa Mafubira. Maua ya plastiki mliyoyaleta tumeyaweka pembeni, msitukasirikie, hayatashuka naye.

Proscovia, Mama Trevor, wewe hatukushukuru, kwa sababu hakuna shukrani inayofika hapo. Familia ya Wasike na familia ya Ojok inasema mbele ya watu wote hawa, kwa sauti, jambo ambalo dada yetu alipaswa kulisema asubuhi ile ya tarehe 25 Machi 2018. Mtaro uliziba kwa mkono wetu. Haikuwa kufuli lako.

Kwa desturi msomaji angemalizia kwa yale maneno matatu ya kumuaga marehemu, ya kumtakia apumzike kwa amani, ambayo ninyi nyote mnayajua na mlikuwa mnayangojea. Mama Trevor ameomba yasisomwe na ndugu. Amesema ni yake, na atayasema siku atakayoweza, ikiwa ni leo basi leo, na isipokuwa leo tumzike tu bila hayo. Tumekubali. Vijana wa jeneza, bado msinyanyue. Mama Trevor, kipaza sauti hiki hapa mezani, kimewashwa, na hakuna anayekuharakisha.